Skafu ya kiviuti inapoleta shida: dalili, chanzo na namna ya kuitibu

Kiviuti ni sufu laini ya ndani ya ng'ombe-miski, mnyama wa nchi za baridi kali za Alaska, Kanada na Greenland. Kwa nje ana singa ndefu, nyingine hufikia sentimita 60, zinazoning'inia karibu kugusa ardhi. Chini yake, karibu na ngozi, ndiko iliko sufu yenyewe. Majira ya machipuko yakifika sufu hiyo huachia, na mnyama mzima hutoa kama kilo 2 hadi 3 kwa mwaka. Kwenye shamba la Palmer, Alaska, huchanwa kwa chanuo mnyama akiwa hai amesimama. Greenland na Kanada, sehemu kubwa hutoka kwenye ngozi za wanyama waliowindwa. Tofauti hiyo ya mwanzoni inaeleza mengi yanayokuja baadaye.

Ninafuma na kukarabati mavazi ya sufu, na shida za kiviuti ninazoletewa ni zilezile kila msimu. Karibu zote zinatokana na jambo moja: mtu amekitunza kiviuti kama sufu ya kondoo. Unywele wa kiviuti una unene wa mikroni 15 hadi 20 tu (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Magamba madogo yanayoufunika ni machache na laini, hayashikani kwa nguvu. Kiviuti hakina mikunjo ya kukirudisha kikivutwa, na mafuta yake ni kidogo sana. Ukiyashika hayo, nusu ya matatizo yaliyo hapa chini utayatambua mwenyewe.

Kabla ya kupima lolote, vua pete, nawa mikono na ukauke vizuri, kisha tandaza vazi juu ya shuka safi karibu na dirisha.

Inatoa vinyweleo, koti jeusi limejaa

Hili ndilo lalamiko la kwanza la karibu kila aliyepewa skafu mpya, na mara nyingi hakuna kilichoharibika. Uzi mpya hubaki na nyuzi fupi ambazo msokoto haukuzishika. Vuta kinyweleo kimoja taratibu katikati ya kitambaa. Kikitoka peke yake bila kuvuta kingine, ni mabaki tu. Kung'uta skafu nje, ifue mara moja kwa maji vuguvugu, ilaze ikauke, na baada ya kuvaliwa kwa muda itatulia.

Kama vinyweleo vinatoka upande mmoja tu, tafuta kinachosugua: mkanda wa mkoba, zipu ya koti, mkanda wa kiti cha gari. Hapo ndipo utaona pia vidonge vidogo vya nyuzi. Vitoe kwa vidole au mkasi mdogo wenye ncha. Mashine ya kunyolea sweta usiilete kabisa, kwa sababu kiviuti hufumwa kwa uzi mwembamba wenye matundu ya urembo, na mashine haitofautishi kidonge na kitanzi.

Wapo pia wanaodhani skafu inaharibika kumbe inaiva. Baada ya kuvaliwa, kiviuti hutoa ukungu mwepesi wa vinyweleo juu ya kitambaa, na mchoro hufifia kidogo chini yake. Hiyo ndiyo sifa yake inayolipiwa. Usiupige pasi ukidhani unaurekebisha.

Sababu iliyo nadra zaidi ni uzi uliosokotwa kwa ulegevu mno, au nondo. Ukivuta kinyweleo na uzi wenyewe ukafunguka, acha kufua, acha kuvaa, mpelekee mtu anayekarabati lesi (mfumo wa matundu ya urembo) kwa mkono. Ukiona unga wa vipande vifupi kama vumbi, nenda kwenye sehemu ya matundu.

Inawasha shingoni

Ngozi ya mtu huanza kuhisi mchomo pale unywele unapokaribia mikroni 30. Kiviuti hakifiki huko, kwa hiyo kinachochoma mara nyingi ni kitu kingine kilichomo ndani yake.

Mshukiwa wa kwanza ni singa. Sufu huchambuliwa ili singa zitoke, lakini chache hubaki. Sufu iliyonyolewa kutoka kwenye ngozi badala ya kuchanwa huja na singa zilizokatwa vipande vifupi, na vipande hivyo ni vigumu zaidi kuviondoa. Weka kitambaa juu ya karatasi nyeupe na ukitazame kwa ubavu. Singa ni nyeusi zaidi, zimenyooka, zinang'aa. Zitoe moja moja kwa kibano ukifuata mwelekeo wa uzi, usivute kwa mshazari. Ni kazi ya jioni nzima, na ninaipendekeza kwa moyo wote, kwa sababu ikishafanyika vazi hilo hubadilika kabisa.

Mshukiwa wa pili ni sabuni iliyobaki. Suuza tena kwa maji mengi, na katika maji ya mwisho tia kijiko kimoja cha siki nyeupe. Baada ya hapo soma lebo: uzi mwingi unaouzwa kwa jina la kiviuti umechanganywa na sufu ya kondoo, hariri au nailoni, na huenda kinachokuwasha ni hicho kingine.

Ukitokwa na vipele au uvimbe, vua na usijaribu tena. Kupumua kukiwa kugumu, hiyo ni dharura ya hospitali.

Imelegea, imerefuka, kofia inashuka machoni

Sufu ya kondoo ina mikunjo inayofanya kazi kama springi: ukiivuta, inarudi. Kiviuti kimenyooka, kwa hiyo kikivutwa hubaki kilipovutiwa. Chanzo kikubwa ni kuanikwa kwenye kamba au kuning'inizwa kwenye henga. Maji ni mazito, na uzito wake unauvuta uzi usio na nguvu ya kurudi.

Tiba yake inafanikiwa mara nyingi. Loweka vazi kwenye beseni la maji vuguvugu, linyanyue kwa mikono miwili bila kuliachia lining'inie, libane ndani ya taulo, kisha litandaze kwa vipimo unavyotaka na ulishikilie kwa pini zisizoshika kutu. Liache mpaka likauke kabisa. Kung'oa pini mapema ni kuirudia kazi yote.

Likilegea tena baada ya siku chache, kosa liko kwenye ufumaji. Huenda sindano zilikuwa nene kupita kiasi, au mfumaji alipima kipande cha majaribio kabla ya kukifua. Kiviuti hubadilika baada ya maji, na vipimo vya kipande kikavu ambacho hakijafuliwa haviaminiki.

Sababu ya mwisho haina dawa: vazi lenyewe halikufaa kwa kiviuti kitupu. Pindo la mkono na ukingo wa kofia vinahitaji mnepo. Unaweza kupitisha lastiki nyembamba kwa ndani, lakini safari nyingine changanya kiviuti na sufu laini ya kondoo au hariri. Maoni yangu ni kwamba kiviuti kitupu kibaki kwa skafu, shela na vazi la shingoni, na sioni haja ya sweta nzima.

Wanaokijua zaidi wamefika hapohapo. Ushirika wa Oomingmak, ulioanzishwa Alaska mwaka 1969, huwaunganisha wafumaji wa vijijini, wengi wao wanawake wa Kiyupik na Kiinupiaq, wenyeji wa asili wa Alaska, wanaofumia nyumbani kwao na kulipwa kwa kazi yao. Vazi lao mashuhuri, nachaq, ni mviringo wa kuvaa shingoni na kuuvuta juu ya kichwa, na halidai mnepo mahali popote. Vijiji vina michoro yao wenyewe. Mekoryuk, kwenye kisiwa cha Nunivak, hufuma mchoro wa ncha ya chusa. Kisiwa hicho ndicho kilichopokea ng'ombe-miski waliotolewa Greenland na kuachiliwa hapo mwaka 1935 na 1936, baada ya wale wa asili wa Alaska kumalizwa katika karne ya 19. Nayasema haya kwa sababu ya ukarabati: ukiletewa kazi yenye mchoro wa kijiji, usizibe tundu kwa mchoro wako. Urudishie uleule, au mtafute anayeuweza.

Ina matundu

Hapa simama kwanza, usishike sindano. Kuna matundu ya aina mbili, na kuziba moja kwa dawa ya nyingine ni kupoteza vazi.

Ya kwanza ni ya kunaswa: hereni, kucha, msumari wa mlango. Uzi umevutwa au umekatika mahali pamoja, na vitanzi vimeshuka kimoja chini ya kingine kama ngazi. Shika kitanzi cha chini kwa pini mara moja kabla hakijaendelea kushuka, kisha kipandishe kwa sindano ya kroshia, ngazi kwa ngazi.

Ya pili ni ya nondo. Matundu yametawanyika, kingo zake zimekatwa safi, na pembeni kuna punje kama mchanga, vifuko vidogo au utando. Nondo mkubwa anayeruka hali sufu. Anayekula ni kiwavi wake, naye hupenda giza, utulivu, na mahali penye jasho au tone la chakula. Joto humfanya akue haraka. Ndiyo maana skafu iliyodumu vizuri Norwei huliwa upesi ikitumwa kama zawadi kwa bibi Tanga au Mombasa na kufungiwa kabatini kusubiri baridi ambayo haiji. Ukiituma nyumbani, tuma na maelezo: ivaliwe au ikung'utwe mara kwa mara, na isihifadhiwe kabla ya kufuliwa.

Ukishathibitisha nondo, funga vazi ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kabla ya kulisogeza chumba kingine. Toa hewa mfukoni, weka kwenye friza yenye nyuzi -18 au baridi zaidi kwa wiki mbili. Kijisanduku cha barafu ndani ya friji ndogo mara nyingi hakifiki baridi hiyo, hivyo pima kwa kipimajoto kwanza. Ukilitoa, acha mfuko ukiwa umefungwa mpaka upate joto la chumba, la sivyo unyevu utatua kwenye sufu. Baada ya hapo fua. Kisha geukia kabati lenyewe: toa kila kitu, futa nyufa na pembe, kagua mazulia na nguo nyingine za sufu. Kutibu skafu na kuacha kabati ni kumwandalia kiwavi chakula kipya.

Karafuu na udi hunukisha kabati vizuri, lakini havimuui kiwavi aliyekwisha kuingia.

Kuhusu vidonge vya naftalini nina onyo zito. Mtoto mchanga mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, upungufu ambao ni wa kawaida zaidi katika nchi zenye malaria, anaweza kuvunjikiwa na chembe nyekundu za damu kwa kufunikwa tu na nguo iliyohifadhiwa na naftalini. Watoto wakubwa kidogo huvidhani peremende. Nyumba yenye mtoto haifai kuwa navyo. Mtoto akigeuka manjano, akipauka ghafla au mkojo ukiwa mweusi, mpeleke hospitali saa hiyohiyo na useme wazi kwamba kulikuwa na naftalini.

Kwa tundu lenyewe, likiwa dogo kuliko ukucha unaweza kujaribu kulifuma upya kwa uzi unaofanana. Likizidi hapo, au likiwa katikati ya mchoro wa lesi, acha. Hifadhi hata vipande vilivyokatika, na mpelekee anayekarabati mfumo kwa mkono. Fundi cherehani, hata awe hodari wa kanzu na suti, atashona kwa mashine, na mshono huo ukishapita vitanzi havifunguliki tena salama.

Imenywea au imeshikamana

Kiviuti kitupu kinasifiwa kwa kutonywea majini, na sifa hiyo kinaistahili. Basi vazi likinywea, chanzo cha kwanza ni kwamba si kiviuti kitupu: kuna sufu ya kondoo ndani yake. Soma lebo. Cha pili ni mashine ya kufulia, ambayo kwa kusugua na kuzungusha huvuruga nyuzi hata kama hazikunywea. Cha tatu ni mashine ya kukaushia.

Loweka nusu saa kwenye maji vuguvugu yenye kondishena kidogo ya nywele, kisha vuta taratibu kwa upana na urefu, kidogo kidogo, na utandaze kwa pini. Kama nyuzi zimekwisha kuwa kitu kimoja kinene, usiendelee kuvuta. Utapasua.

Na ili isitokee tena: beseni, maji vuguvugu, shampuu kidogo isiyo na manukato makali, bonyeza bila kusugua, suuza, bana ndani ya taulo, laza. Sabuni ya unga yenye vimeng'enya vya kuondoa madoa iache, kwa sababu vimeng'enya vinavyomeng'enya doa la damu au maziwa humeng'enya na sufu.

Rangi imebadilika

Rangi ya asili ni kahawia yenye kijivu. Ikipauka upande mmoja, ni jua, anika kivulini. Ikichuja rangi, bonyeza kitambaa cheupe chenye maji juu yake, na kikishika rangi basi fua peke yake kwa maji baridi. Doa la manjano lililo dhaifu ukiligusa mara nyingi ni jiki. Jiki haipaushi sufu tu, huiyeyusha. Suuza kwa maji mengi, usiongeze kemikali yoyote ya kuizima, na usivute sehemu hiyo. Hakuna anayeweza kuirudisha, ila mkarabati anaweza kuiimarisha kwa nyuma.

Uzi unakatika ninaposokota

Nyuzi za kiviuti zina urefu wa sentimita 4 hadi 7 hivi, na aliyezoea sufu ndefu ya kondoo huzivuta kupita mwisho wake. Punguza mvuto, ongeza msokoto. Kama unatumia kisokotio cha kuning'iniza, uzito wake ndio unaokata. Tumia chepesi, au kiegemeze chini kizunguke kwenye bakuli. Katika nyumba zenye hita wakati wa baridi, hewa kavu huzifanya nyuzi ziruke na kukimbiana. Lowesha viganja kidogo au weka bakuli la maji karibu na hita.

Ukifanya yote hayo na bado unakatika, pima sufu. Chukua kishungi kidogo, kishike ncha mbili, kivute ghafla karibu na sikio. Kikilia kwa mlio safi, ni kizima. Kikitatarika na kukatika, kimeliwa, kimeungua au kilipaushwa ili kipokee rangi nyepesi. Hicho kirudishe kwa muuzaji, maana hakuna msokoto utakaokiponya.

Nina shaka kama ni kiviuti kweli

Anza na bei. Uzi wa gramu 28 mara nyingi huuzwa makumi ya dola za Kimarekani, na mara nyingi huvuka 80. Donge kubwa kwa bei ya sweta ya mtumba si kiviuti. Kisha muulize muuzaji asilimia ngapi, na sufu imetoka wapi. Muuzaji mkweli hujibu yote mawili bila kuzunguka. Maneno ya lebo kwamba kina joto mara nane ya sufu hayapimi chochote mkononi mwako.

Unaweza kuchoma kipande kifupi cha uzi, kikiwa kwenye kibano juu ya sinki lenye maji, mbali na watoto. Kikinuka kama nywele iliyoungua na kuacha majivu yanayosagika, ni nyuzi za mnyama. Kikiyeyuka na kuacha shanga ngumu, ni plastiki. Kipimo hiki hakitofautishi kiviuti na kashmiri wala na sufu ya kondoo. Kama kuna pesa nyingi au ugomvi wa kisheria, acha moto, peleka sampuli kwenye maabara ya nguo wanakotazama magamba kwa hadubini.

Manyoya mabichi: uchafu, harufu na vidonda

Baadhi ya wasomaji walioko Norwei huokota manyoya vichakani kwenye milima ya Dovrefjell, ambako ng'ombe-miski waliletwa kutoka Greenland. Okota yaliyoachwa tu, na kaa angalau mita 200 mbali na mnyama. Akikoroma, akisugua kichwa kwenye mguu au akakugeukia moja kwa moja, rudi nyuma. Hukimbia hadi kilomita 60 kwa saa, na huwezi kumshinda.

Manyoya yakiwa machafu, uchafu mwingi ni majani, vumbi na mba. Yachambue yakiwa makavu, toa singa kwanza, kisha ndipo uoshe; ukiosha kabla, singa na sufu zitafungana. Hayahitaji maji ya moto sana kama sufu yenye mafuta mazito. Harufu inayobaki baada ya kuoshwa mara mbili inaonyesha uozo au ukungu, na fungu hilo litupwe.

Vaa glavu na barakoa unaposhughulikia ngozi au manyoya mabichi, hasa kama una mchubuko. Ng'ombe-miski hupata orfu, ugonjwa wa virusi unaowapata pia mbuzi na kondoo na ambao huambukiza watu. Kikitokea kidole kuvimba na kuwa na kidonda chenye kitovu chekundu kilichozungukwa na duara jeupe, usikikamue wala usikubali kipasuliwe kwa kudhaniwa jipu. Kifunike, nenda kwa daktari, na umtajie mnyama kabla hajauliza, kwa sababu kidonda hicho ni rahisi kukifananisha na usaha wa kawaida, na kukipasua hakukiponyi.